Nenda na bibi yako: majibu kwa waliouliza kuhusu makumbusho

Mara iliyopita niliandika mistari michache kuhusu siku niliyosimama mbele ya ngoma za Mwinyi Mkuu, mtawala wa kale wa Unguja, nikajikuta machozi yananilenga. Sikutegemea barua. Zimekuja za mjini na za shamba, za Unguja na za Pemba, na moja ya msomaji anayefunga mizigo kwenda Maskati. Hizi ndizo nilizoweza kuzijibu.

Nimezaliwa Shangani, nina miaka 34, na sijapata kuingia nyumba ya makumbusho hata moja. Wageni wanaijua Beit al-Ajaib kuliko mimi, na sasa ndiyo imeanguka. Nianzie wapi?
*Msomaji, Shangani*

Ndugu yangu, wenyeji wengi tuko hivyo. Jumba tunalipita tukienda Forodhani kula urojo, tunalitumia kumwelekeza mtu njia, kisha tunarudi nyumbani. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, aliijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Disemba 2020 upande wake wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili waliokuwa kazini wakafariki, Mungu awarehemu. Mimi niliwahi kuingia kabla ya hapo. Katika ukumbi wa chini palikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila hata msumari mmoja, na tanga lake mkeka. Nilikaa mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya kitu chochote kingine mle ndani.

Nyumba ya jirani yake, Beit al-Sahil, ina kisa kingine. Kasri lililokuwa hapo lilivunjwa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, vita ambavyo havikutimia hata saa moja, na hili tunaloliona likajengwa baadaye. Masultani walikaa humo mpaka Januari 1964, kisha likawa Jumba la Wananchi, na mwaka 1994 likafanywa makumbusho. Wengi hukimbilia viti vya enzi. Mimi nakushauri utafute chumba cha Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja 1866 na kufia Ujerumani mwaka 1924. Halafu tazama na kabati za fomeka za masultani wa mwisho. Utashangaa unavyozijua: zilikuwa sebuleni kwa shangazi yako.

Majumba haya ni ya chokaa na boriti za mikoko, na matengenezo huyafunga kwa muda mrefu. Kwa hiyo uliza kwanza kwa watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale kabla hujapanda gari. Chukua kitambulisho chako cha Mzanzibari, maana kiingilio cha mwenyeji ni cha chini kuliko cha mgeni.

Na ukishaingia, usizunguke vyumba vyote kama mtu anayekagua mizigo bandarini. Chagua vitu vitatu. Zile ngoma zilizonitoa machozi ni za mbao, zimechongwa nakshi, na zinakwenda pamoja na siwa ya mbao, ile baragumu ya kifalme. Zilikuwa za Mwinyi Mkuu, mtawala wa Wahadimu, wenyeji wa Unguja, aliyekuwa na jumba lake Dunga, na wa mwisho wao alifariki mwaka 1873. Siku ile mtu aliyekuwa pembeni yangu aliuliza tu, "Za mwaka gani?" Wewe uliza zaidi ya hapo: nani alizipiga, kwa jambo gani, nani hakuruhusiwa kuzigusa. Kisha nenda Dunga ukatazame kuta zilizobaki. Ni mwendo mfupi kutoka mjini, na ngoma zitakuwa na kwao kichwani mwako.

Ninasomesha chuo cha Kur'ani. Wazazi wawili wamenambia haifai kuwapeleka watoto makumbusho kwa sababu ya picha za viumbe. Unasemaje?
*Ustadhi, Mwanakwerekwe*

Ustadhi, suala la halali na haramu lina wenyewe, na mimi si katika wao. Muulize sheikh unayemwamini. Ninachoweza kukwambia ni kile kinachoonekana kwa macho: sehemu kubwa ya sanaa ya visiwa hivi haina sura ya mtu wala ya mnyama. Mafundi wetu walikuwa na hofu hiyohiyo waliyonayo wazazi wako, na ndani ya hofu hiyo wakatoa uzuri mkubwa. Walichonga mawaridi, majani, kamba zilizosukwa, na maandishi.

Kama ungekuwa mwanafunzi wangu, ningekwambia uyaache makumbusho ya mjini yasubiri, uwapeleke watoto Kizimkazi Dimbani kwanza. Kwa nje utaona msikiti wa bati kama mingine mingi. Ndani, kwenye ukuta wa kibla, pana maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la bahari, na tarehe yake ni mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 kwa hesabu ya Miladi. Zaidi ya miaka mia tisa! Msikiti ulijengwa upya karne ya 18, lakini mihrabu na maandishi yakaachwa yalivyo.

Waoneshe watoto jinsi fundi alivyofanya kazi. Lile ni tumbawe. Likitolewa baharini bichi huwa laini, na kisu kinapita. Likikauka linakuwa gumu. Kwa hiyo fundi hakuwa na nafasi ya kusitasita, alichonga jiwe likiwa bado na maji yake. Wape karatasi wajaribu kuinakili herufi moja tu. Watoto wanaosoma Kur'ani kila siku watapata tabu kuisoma Kikufi, kwa sababu herufi zimerefushwa, zimechanua kama mimea, na nukta walizozizoea hawazioni. Tabu hiyo ni nzuri kwao. Na kwa vile msikiti ungali unasaliwa, wataingia na udhu, watasali rakaa mbili za tahiyatul masjid, ndipo watazame. Sijui nyumba ya sanaa yenye kiingilio kizuri kuliko hicho.

Mtafute kwanza anayeshika ufunguo, na umwombe ruhusa kwa heshima.

Bibi yangu ana miaka 81. Anapenda mambo ya kale kuliko sisi sote, ila miguu haimruhusu ngazi. Nimwache nyumbani?
*Mjukuu, Kikwajuni*

Usimwache! Nakuomba sana. Ngazi za majumba yale ni ndefu hata kwa wenye magoti mazima, hilo kweli. Lakini Mji Mkongwe una nyumba moja ya sanaa isiyokuwa na ngazi wala tiketi, nayo ni milango. Na mbele ya milango mingi pana baraza. Bibi anakaa, wewe unasimama, mnatazama.

Mtoke asubuhi jua halijawa kali, au baada ya alasiri. Mchukue kwa teksi mpaka karibu na Ngome Kongwe, kisha mwende taratibu Gizenga na Hurumzi, mkiwa na nguvu mmalizie Kiponda. Milango mitano inatosha.

Mwambie akutajie sehemu za mlango, na kama amesahau moja mbili, mkumbushe. Miimo ni mbao za ubavuni zinazosimama. Kizingiti cha juu ndicho chenye nakshi nyingi zaidi, na mara nyingi pana aya ya Kur'ani, au tarehe, au jina la mwenye nyumba. Mbao ile ya katikati inayosimama baina ya majani mawili ya mlango, iliyochongwa kama nguzo, ni mfaa. Tumbuu na mnyororo ndivyo vya kufungia. Vijana wengi wanaotembeza wageni siku hizi wanamaliza mlango mzima kwa neno moja, "nakshi", na mgeni hana namna ya kujua kuwa kila kipande kina jina lake.

Mtaona aina mbili kubwa. Milango ya zamani zaidi ina kizingiti kilichonyooka, mraba, na nakshi zake zimetulia. Ile yenye tao juu, majani mengi na maua yaliyojaa ubao mzima ilishika kasi mwishoni mwa karne ya 19, wakati wa Sayyid Barghash na baada yake, na mikono ya mafundi wa Kihindi inaonekana wazi. Kuna na ile ya Kigujarati, iliyogawiwa vidirisha vidogo vya mraba, na kila kidirisha kina kifundo cha shaba. India miiba kama hiyo iliwekwa kuzuia ndovu wasisukume mlango. Kwetu ndovu hawakuwapo, ikabaki pambo la mwenye mali. Mbao nzuri ilikuwa msaji ulioletwa kwa majahazi kutoka India, na mfenesi wa hapahapa nao ulitumika.

Bibi yako akikaa kwenye baraza, usishangae akianza kukwambia nani alikuwa akikaa nyumba ile na nani aliolewa pale. Mwache aseme. Hayo hayamo kwenye kibao chochote.

Mtembeza wageni mmoja alisema mlango wenye nakshi ya mnyororo ni wa nyumba ya muuza watumwa. Ni kweli?
*Msomaji, Fuoni*

Nimeisikia mara nyingi, na kila mara inanisumbua. Nakshi ya mnyororo huzunguka kingo za milango mingi, na wengine husema maana yake ni ulinzi wa nyumba. Mchoro peke yake si ushahidi wa alichokifanya mwenye nyumba. Vivyo hivyo samaki anayeambiwa ni rutuba na mtende unaoambiwa ni neema: ni maana zinazowezekana, zimepita vinywa vingi, na hazikuandikwa mlangoni.

Biashara ya watumwa ilikuwapo Unguja, kubwa na ya kikatili, na soko lilifungwa mwaka 1873. Mwenye kutaka kuijua aende Mkunazini, lilipokuwa soko na sasa pana kanisa na maonesho yanayoeleza kwa ushahidi. Maumivu yale yanastahili ukweli.

Picha za Tingatinga ni sanaa ya Zanzibar?
*Kijana, Jambiani*

Zinauzwa Zanzibar, zinachorwa Zanzibar, lakini zilizaliwa Dar es Salaam. Alianza Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, mwaka 1968 hivi, akichora kwa rangi za mafuta zenye kung'aa juu ya vibao vya mraba. Alifariki mwaka 1972. Miaka minne tu ya kazi, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima. Ukinunua, kaa na mchoraji, muulize alifundishwa na nani.

Kwa nini kwenye makumbusho naona panga, mizinga na viti vya wafalme, lakini kazi za mama zetu sizioni?
*Bi mmoja, Makunduchi*

Bi, swali lako nimelisoma mara tatu.

Zipo, ila chache, na mara nyingi ziko pembeni. Sababu moja ni kuwa kazi za mama zetu zilitumika mpaka zikaisha. Panga la mfalme lilitundikwa. Mkeka ulikaliwa, ukafuliwa, ukaanikwa, ukachanika, ukatandikwa uani, mwisho ukatupwa. Sababu ya pili ni kuwa waliokusanya mwanzoni hawakuviona kuwa sanaa. Makumbusho ya Mnazi Mmoja yalifunguliwa mwaka 1925, wakati wa Waingereza, kwa ukumbusho wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na ni jengo zuri la kuba alilolichora J. H. Sinclair. Aliyekuwa na amri ya kuamua kipi kiwekwe ndani ya kabati la kioo hakuwa mama anayesuka ukili wa mikeka.

Nikupe kisa changu. Miaka iliyopita nilimpeleka mama yangu mkubwa kwenye nyumba moja ya makumbusho, sitaitaja. Palikuwa na kibao kifupi cha kukunja, kimechongwa vizuri, na karatasi chini yake imeandikwa "Kigoda". Mama mkubwa akainama. Hakukigusa, alikinyooshea kidole tu, pale penye ncha ya mbele. "Hapa pana tundu," akasema. "Huyu ni mbuzi. Chuma chake kimeng'oka."

Ilikuwa mbuzi ya kukunia nazi, chuma chenye meno hakipo, na kwa hiyo aliyeandika akaona kiti. Mama mkubwa akaanza kumweleza kijana mlinzi: usiku wa kuamkia harusi wanawake kumi wanakaa safu moja, kila mmoja na mbuzi yake, machicha yanapanda kama kilima, kifumbu kinapita mkono kwa mkono kuchuja tui, na nyimbo. Akamwonesha namna kibao kilivyolika upande mmoja zaidi: "Huyu aliyekuwa akikaa hapa alikuwa akiegemea kushoto." Kijana hakuwa na karatasi, akaandika neno "mbuzi" kwenye kiganja chake.

Toka siku ile siendi makumbusho bila mtu mzima wa kwetu. Na wewe, Bi, fanya hivyo upande wa pili: nenda, na ukiona chombo kimeitwa jina lisilo lake, waambie. Mwambie msimamizi, na uandike barua yenye jina lako. Watu wa makumbusho wengi wana nia njema na wanafurahi kuambiwa.

Kuna kawa za kufunikia chakula zilizosukwa kwa rangi nne. Kuna misala ya Pemba, mikeka ya kusalia, ya ukili mwembamba kiasi kwamba ukipitisha mkono huoni mshono. Kuna kofia za viua, tundu moja moja linazungushiwa uzi kwa sindano, miezi na miezi kwa kofia moja. Kuna kanga, pindo yake, mji wake wa katikati na jina lake, yaani maneno yake. Zile za mwanzo majina yake yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mwenye nayo moja kabatini ana karatasi ya historia mkononi. Ningependa siku moja kuona chumba kizima cha vitu hivi, kila kimoja na jina la aliyekisuka. Tuna majina ya masultani wote. Ya wasukaji nani kayaandika?

Nakwenda Maskati kwa dada yangu miezi miwili. Yeye anafikiria maduka tu. Kuna nini cha kuona?
*Msomaji, Malindi*

Mwombe akupeleke Makumbusho ya Taifa, Maskati ya zamani, yanayotazamana na Kasri la Alam. Yalifunguliwa mwaka 2016, na ni mfano wa nchi iliyoamua kuweka sanaa yake yote chini ya paa moja: fedha, majambia, nguo, milango, vyombo vya bahari. Pana na maandishi ya nukta nundu ya Kiarabu kwa ajili ya wasioona. Nilipolisikia hilo nilitamani tulifanye na huku.

Tembea mle ndani ukiwa na masikio ya Unguja. Sayyid Said bin Sultan aliitawala Oman na Zanzibar pamoja, na alifia baharini mwaka 1856 akirudi kwetu. Baada yake watoto wake wakagawana, na mwaka 1861 ugawanyo huo ukathibitishwa. Lakini vitu havikugawanyika. Simama mbele ya kofia zao, kumma, uzitazame tundu zake zilizoshonwa kwa mkono, halafu uvue ya kwako uilinganishe. Waomani wengi wenyewe husema ile ilitoka kwetu. Tazama masanduku ya njumu, yaliyopambwa kwa shaba, ambayo bibi zetu waliwekea kanga na marashi, na milango.

Jambo moja tu: usiende na dada yako peke yake. Maskati wamo wazee waliozaliwa Unguja na Pemba, wanaozungumza Kiswahili cha miaka sitini nyuma, kitamu kabisa. Mtafuteni mmoja, mumbebe kwa gari, mwende naye. Maandishi mle ni ya Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili atakipatia yeye.

Naruhusiwa kupiga picha?
*Msomaji, Konde*

Uliza mlangoni, na ukiruhusiwa zima mwanga wa kamera. Nguo na karatasi za zamani huharibiwa na mwanga. Na kabla ya kupiga, tazama kwa macho yako kwanza. Msikitini na kwenye nyumba za watu omba idhini ya mwenyewe.

Nina wanafunzi 45 wa darasa la tano na saa moja na nusu tu. Mara ya mwisho walikimbia vyumba vyote wakatoka hawakumbuki kitu.
*Mwalimu wa skuli, Bububu*

Shikamoo Mwalimu. Walikimbia kwa sababu walipewa nyumba nzima. Mara hii wape kitu kimoja.

Andika barua mapema, mwombe msimamizi akuruhusu upite peke yako siku moja kabla, uchague vitu ishirini na mbili. Watoto uwagawe wawili wawili, na kundi moja la watatu. Kila kundi kitu chake, robo saa nzima, kukichora. Penseli, si kalamu ya wino. Wino ukidondoka juu ya kitu cha miaka mia mbili hautoki. Asiyejua kuchora atalalamika. Mwambie hatutaki picha nzuri, tunataka uone.

Kisha maswali matatu tu. Kimetengenezwa kwa nini? Mkono ulikishika wapi? Pamelika wapi? Hilo la tatu ndilo nililolipata kwa mama mkubwa, na watoto wanalipenda kuliko yote, maana wanakuwa kama wapelelezi. Mtungi umelika shingoni palipopita kata. Kinu kimelika ndani upande mmoja. Kizingiti cha chini kimeingia katikati kwa miguu ya watu.

Wiki moja kabla, kila mtoto aulize nyumbani jina la chombo kimoja ambacho hakitumiki tena, aje nalo. Utakusanya maneno arobaini na tano kabla hata hamjapanda gari. Na mkimaliza, wapeleke Ngome Kongwe wakae kwenye ngazi za ukumbi wa wazi, wale walichobeba. Waambie ngome ile waliijenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Dakika tano zinatosha kwa historia hiyo. Walio na njaa hawataki zaidi.

Bibi ameniachia chetezo cha shaba na mrashi wa fedha. Amekuja mtu kutoka mjini, anataka kununua vyote viwili, na ametaja pesa nzuri. Nifanye nini?
*Binti, Wete*

Mwanangu, pesa nzuri ina sababu zake, na sikai hapa nikahukumu nyumba ya mtu. Lakini usiuze wiki hii. Mtu wa mjini atarudi. Wanunuzi hao wamekwishatoa milango mizima kwenye nyumba zetu ikaenda nchi za watu, na kilichobaki ukutani ni saruji.

Umesema "ameniachia", sijui kama bibi yu hai au kafariki. Kama yu hai, kaa naye leo na simu yako, urekodi: nani alivinunua, wapi, kwa harusi ya nani, vilitoka siku gani. Kama ametangulia, watafute dada zake na mashoga zake. Piga picha kila upande, uweke rula kando ili ukubwa uonekane. Andika yote kwenye daftari, na nakala umpe ndugu yako mwengine.

Usivisugue kwa limau na majivu. Najua ndivyo tulivyofundishwa, na vinang'aa kweli, lakini kila ukisugua unaondoa nakshi kidogo, na mrashi ukiwa umepakwa fedha tu juu yake, fedha hiyo itakwisha. Vumbi lifute kwa kitambaa laini kikavu. Vifunge kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kukauka vizuri. Usitie kwenye mfuko wa nailoni, maana unyevu wa kwetu hukaa humo na kula madini.

Ukiamua kuvitoa, ngome ya Chake Chake ina makumbusho ya Pemba, karibu na wewe kuliko Unguja. Nenda na daftari lako, na utake karatasi yenye sahihi na tarehe, inayosema wazi kama umewapa au umewaazima, na jina la bibi liandikwe kamili.

Lakini kabla ya lolote kati ya hayo, mtafute mtu mzima mmoja hapo Wete, tia makaa ndani ya chetezo, weka udi, mwombe akuoneshe nguo zinavyofukizwa na marashi yanavyonyunyizwa mgeni akifika mlangoni. Hayo nayo yarekodi.